Mwenyeji wa Kukodi, Hoteli au Simu Yako: Njia Tatu za Kutembea Kampala Usiku

Wapo Kampala watu wanaojitangaza mitandaoni kwamba, kwa malipo, watakuchukua hotelini jioni, watakuwekea meza, watakupitisha mlangoni, watakaa nawe hadi alfajiri na kukurudisha salama. Wageni wanaokuja Uganda kwa likizo, hasa ndugu zetu wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kigali, hukutana na matangazo hayo hata kabla hawajapanda basi, na swali linalowasumbua ni kama huduma hiyo ina thamani ya fedha inayodaiwa.

Kazi yenyewe haikuanzia hapa. Asili yake ni hoteli kubwa za Ulaya, ambako wahudumu wa mapokezi wanaoujua mji vizuri waliunda chama chao Paris mwaka 1929, wakachukua alama ya funguo mbili za dhahabu zilizopishana, ambayo hadi leo huvaliwa kwenye ukosi wa koti. Tawi lake la usiku lilikomaa katika miji kama Las Vegas na Miami, ambako mlango wa klabu ni kikwazo cha kweli: kuna orodha ya majina, kuna masharti ya mavazi, kuna kima cha chini cha fedha kwa kila meza, na asiye na mtu wa kumtaja hubaki barabarani. Katika miji hiyo mgeni hununua mlango.

Kampala haina ugumu huo. Ukiondoa sehemu chache na usiku wa matamasha makubwa, mtu aliyevaa vizuri na mwenye kiingilio mkononi huingia anakotaka. Ugumu wa Kampala uko kwenye bili na kwenye barabara ya kurudi, na kwa sababu hiyo njia za kutembea usiku hazina budi kupimwa kwa mambo hayo mawili kabla ya mengine yote.

Njia zitakazolinganishwa hapa ni tatu. Ya kwanza ni mwenyeji wa kukodi, yaani mtu au kampuni unayoilipa ikupangie usiku na kuandamana nawe. Ya pili ni hoteli unayolala: wahudumu wa mapokezi wakushauri, nao wakutafutie dereva wa kukungojea. Ya tatu ni kujitegemea kwa simu, ukitumia programu za usafiri, kurasa za matangazo ya burudani na akili yako. Njia ya nne, ya kuwa na ndugu au rafiki anayeishi Kampala, nimeiacha makusudi kwa kuwa haikodiwi, ingawa mwenye ndugu wa namna hiyo anajua kwamba bili ya vinywaji vya ndugu nayo si ndogo.

Vigezo ni vitano: gharama halisi ya usiku mzima, usalama mezani na njiani, kujua pa kwenda, uhuru wa kubadili nia, na uwajibikaji pale jambo linapoharibika. Havina uzito sawa, na sitajifanya kwamba vina.

Gharama halisi

Mwenyeji wa kukodi hutaja bei moja, lakini usiku una bei nyingi. Kuna ujira wake, kuna kiingilio chako na mara nyingi chake pia, kuna gari, kuna chakula na vinywaji vyake, maana ni nadra mtu akae nawe saa sita bila kugusa kitu, na kuna bahashishi ya mwisho ambayo haikutajwa popote ila inangojewa. Kwa makadirio ya mfano tu, tuseme ujira ni shilingi 200,000 za Uganda, gari 150,000, na chakula na vinywaji vyake 60,000. Umefika 410,000 kabla hujanywa soda yako mwenyewe. Mkiwa watano, kila mmoja anachangia 82,000, kiasi kinachobebeka kwa usiku mmoja wa likizo. Ukiwa peke yako, fedha hiyo inatosha kukulipia usiku kadhaa wa kula na kutembea kwa njia nyingine.

Ipo pia gharama isiyotajwa. Mwenyeji anayesema huduma yake ni bure, au anayedai bei ndogo ya kushangaza, analipwa na mtu mwingine, na mtu huyo kwa kawaida ni mwenye klabu, anayempa sehemu ya fedha ya kila chupa unayofungua. Huo si wizi. Dalali wa nyumba naye hula kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba mchana kweupe. Kasoro ni kwamba mtu anayelipwa kwa chupa hana sababu ya kukupeleka kwenye kafunda, yaani baa ndogo ya mtaani, yenye muchomo (nyama choma) mzuri na bia ya bei ya kawaida, hata kama hicho ndicho ulichomwomba. Atakupeleka kwenye meza yenye fataki na chupa ya whisky, nawe utaamini kwamba ndiyo Kampala.

Hoteli haitozi ushauri. Inachotoza ni gari, na gari la hoteli huwa ghali kuliko la barabarani, hasa likikungojea, kwa kuwa saa za kungoja nazo huhesabiwa. Faida yake ni kwamba bei unaijua kabla ya kutoka, na unaweza kuilipa pamoja na chumba. Hata hivyo usidhani mapokezi hawana maslahi: dereva wanayemwita mara kwa mara anaweza kuwa na mapatano nao, na mkahawa wanaousifu kila siku unaweza kuwa wa jamaa. Madhara yake ni madogo kuliko yale ya chupa, kwa sababu fedha inayozunguka ni ndogo.

Kujitegemea ndiyo njia ya bei ya chini kwenye karatasi. Programu za simu hukuonyesha nauli kabla hujapanda. Uber iliingia Kampala mwaka 2016, Bolt nayo ipo, na SafeBoda ya pikipiki ilitangulia zote mbili. Lakini nauli hupanda mvua ikinyesha na watu wakitoka klabu kwa pamoja, madereva wengi hutaka fedha taslimu, na anayehama kutoka Ntinda kwenda Kololo, kisha Kabalagala, kisha kurudi Ntinda, atashangaa jumla yake asubuhi. Isitoshe, asiyejua bei hulipa bei ya mgeni. Bia ileile unayoinywa kwenye kafunda ya Kabalagala kwa shilingi elfu chache inaweza kugharimu mara mbili au zaidi kwenye mkahawa wa Kololo, na hapana aliyekudanganya: umelipia kiti na mandhari.

Jambo dogo linalohusu njia zote tatu ni noti. Noti kubwa kabisa ya Uganda ni ya shilingi 50,000, na usiku wa manane hakuna mwenye chenji yake. Beba za 5,000 na 10,000. Ukimlipa mtu kwa simu, atakwambia uweke na ya kutolea, kwa kuwa kutoa fedha kuna ada na ushuru wa asilimia 0.5 juu yake. Hilo ni ombi la kawaida, lisikutie shaka, ila lijumlishwe kwenye bei tangu mwanzo.

Usalama mezani na njiani

Mlangoni utapekuliwa, na mkoba wako utafunguliwa. Utaratibu huo ulikazwa baada ya mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye mkahawa wa Kabalagala na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo. Ukifika mahali penye umati na hakuna anayekupekua, hapo ndipo pa kujiuliza. Mwenyeji wa kukodi anayejivunia kukupitisha bila kupekuliwa hajakufanyia wema wowote.

Mezani hatari ni mbili: kinywaji na hesabu. Kinywaji kinachoachwa bila mtu kinaweza kutiwa dawa, jambo ambalo Wakenya wamelipa jina la mchele na ambalo Kampala nayo inalijua. Chupa ifunguliwe mbele yako, na ukienda msalani usirudie glasi uliyoiacha. Kuhusu hesabu, uko utamaduni wa baa zetu ambao mgeni huuona kama uchafu, kumbe ni ulinzi: chupa tupu huachwa mezani. Mhudumu makini hataziondoa hadi umelipa, na mgeni makini hatamruhusu. Saa nane za usiku, muziki ukiwa juu na bili ikisema chupa kumi na nne, unachofanya ni kuinamisha simu yenye tochi na kuhesabu shingo moja moja pamoja na mhudumu. Kama ni kumi na moja, mtamwita meneja kwa upole, na mara nyingi yataisha hapo hapo. Meza iliyosafishwa kila dakika tano haina ushahidi.

Katika hilo mwenyeji wa kukodi anaweza kufaa sana, au asifae kabisa. Mwenyeji mzuri hanywi, hukaa akiitazama meza wakati wewe unacheza, na humfahamu meneja kwa jina. Mwenyeji mbaya hunywa nawe, huongeza marafiki zake mezani mmoja baada ya mwingine, na ikifika saa ya bili anazungumza na simu nje. Dereva wa hoteli hayuko mezani, kwa hiyo hapo hana msaada. Na anayejitegemea hulindwa na wenzake tu, ikiwa anao.

Barabarani mizani inageuka. Polisi wa Uganda hufanya operesheni za kupima ulevi wa madereva, ambazo raia wameziita kawunyemu, na mwisho wa wiki zinaweza kukusubiri popote. Dereva wa hoteli aliyekungojea na ambaye kesho anaripoti kazini ana kila sababu ya kutokunywa. Mwenyeji anayeendesha gari lake mwenyewe baada ya bia nne anakuhatarisha wewe, yeye na wanaotembea kwa miguu. Kwa hiyo, ukimkodi mwenyeji, mwulize nani ataendesha, na kama jibu ni yeye mwenyewe, hakikisha anakunywa maji.

Kuhusu boda, nitasema bila kuzunguka: mchana ni usafiri wa haraka, lakini baada ya saa sita usiku, kwa mgeni aliyekunywa, haufai, hata ukiwa na kofia ngumu. Anayejitegemea achague gari kupitia programu, alinganishe namba ya gari na ile iliyo kwenye simu kabla ya kufungua mlango, na afunge kioo kwenye foleni, kwa kuwa simu hunyakuliwa dirishani. Dereva atapiga simu kuuliza uko wapi, huenda kwa Kiganda. Ukishindwa kumwelewa, mpe mlinzi wa mlangoni aongee naye. Hilo hufanyika kila usiku na hakuna anayeliona kuwa la ajabu.

Walinzi hao ndio watu ambao Kiswahili chako kitakuwa na kazi kwao. Kampala ya usiku huongea Kiganda na Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini kwa miaka mingi kimeishi zaidi jeshini na polisi kuliko sokoni. Mlinzi aliyepitia jeshi au polisi, na askari wa kizuizi cha barabarani, watakujibu kwa Kiswahili. Mhudumu wa baa huenda asikujibu, na si kwa dharau.

Kujua pa kwenda

Hapa mwenyeji wa kukodi anayeijua kazi yake huwapita wengine wote. Kampala hubadilika haraka: baa na klabu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tena tarehe 24 Januari 2022, na si zote zilizorudi, wala si zote zilizorudi zina majina yaleyale. Mwaka 2023 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilifunga sehemu kadhaa kutokana na malalamiko ya kelele. Makala ya mtandaoni ya miaka mitatu iliyopita inaweza kukupeleka kwenye geti lenye kufuli. Hata majina ya barabara yana mtego: mtaa wa Kololo ambao kila mtu anauita Acacia Avenue, kwenye vibao umeandikwa John Babiha Avenue.

Anayejua mji atakuambia pia kwamba kila mtaa una tabia yake. Kololo na Kisementi ni pa watu wanaotaka kuonekana na wanaokula kabla ya kunywa. Bugolobi na Ntinda zina watu wa makamo na mazungumzo yanayosikika. Kabalagala, kwenye barabara ya Ggaba, haijali umevaa nini, na imekuwa na sifa ya kukesha tangu zamani. Wandegeya, jirani na Makerere, ni pa kula: kuku wa kuchoma, chipsi, na rolex, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, saa ambazo jikoni nyingine zimezimwa. Na klabu nyingi hazichangamki kabla ya saa sita usiku. Mgeni anayefika saa tatu atakuta wafagiaji.

Hoteli hujua sehemu tulivu na sehemu kongwe, ambalo si jambo baya. Ukiuliza mapokezi kuhusu muziki na ngoma za asili, watakutajia kituo cha Ndere, makao ya kikundi kilichoanzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, chenye maonyesho ya jioni ya ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda ambayo familia nzima inaweza kuyahudhuria. Hawatakutajia kafunda iliyofunguliwa mwezi uliopita. Hawana sababu ya kukupeleka mahali ambapo, pakiharibika, lawama itarudi kwao.

Simu iko katikati. Matangazo ya bendi na ya madisko hutoka kwenye mitandao siku ileile, na anayefuatilia kurasa za wasanii wenyewe atajua nani anapiga wapi kuliko mwenyeji mvivu. Mpenzi wa muziki wa bendi, kwa mfano, hamhitaji mtu wa kumwambia kwamba Afrigo, bendi iliyoundwa mwaka 1975, ingali hai. Anahitaji kujua tu wiki hii wanapiga wapi, na hilo simu inatosha.

Uhuru wa kubadili nia

Kwa kifupi: anayejitegemea ana uhuru wote, mwenye dereva wa hoteli ana uhuru unaohesabiwa kwa saa, na mwenye mwenyeji wa kukodi ana ratiba. Ratiba si kifungo ikiwa mlikubaliana kwamba inaweza kuvunjwa. Tatizo huja pale meza ilipokwisha kulipiwa malipo ya awali yasiyorudishwa, nawe saa tano unagundua umechoka.

Uwajibikaji jambo likiharibika

Sheria ya Utalii ya Uganda ya mwaka 2008 inaiweka kazi ya kuongoza wageni chini ya Bodi ya Utalii, UTB, inayotoa leseni kwa waongozaji na kwa kampuni za utalii. Kampuni nyingi pia ni wanachama wa AUTO, chama cha waendeshaji utalii. Mwenyeji wa usiku aliye chini ya kampuni yenye leseni anaweza kushtakiwa kwa mwajiri wake na kwa Bodi. Mwenyeji mwenye ukurasa wa mtandaoni tu, picha za magari na namba ya simu, anaweza kufuta ukurasa. Huenda wa pili akawa mtu mwema kuliko wa kwanza, lakini wema wake huwezi kuupima kabla ya usiku wenyewe.

Njia rahisi za kumpima zipo. Kampuni iliyosajiliwa kwa kodi inaweza kukupa risiti ya kielektroniki ya mfumo wa EFRIS, ulioanza kutumika mwaka 2021. Asiyekuwa nayo atasema mashine imeharibika. Unapotuma fedha kwa simu, jina la mwenye namba hutokea kabla ya kuthibitisha: lilinganishe na jina alilokupa. Usilipe chote mbele. Kisha mwulize kuhusu shisha. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 imeipiga marufuku nchini Uganda, na polisi huvamia sehemu zinazoiuza. Mwenyeji anayekuahidi shisha kwa furaha amekueleza namna atakavyochukulia sheria nyingine usiku huo. Vivyo hivyo, akianza kukudokezea kwamba anaweza kukuletea kampani ya kulipiwa, mazungumzo yaishie hapo. Biashara hiyo ni kosa la jinai, na mgeni aliyenaswa ndani yake ni windo jepesi la vitisho.

Mazungumzo ya kumpima hayahitaji ukali. Yanaweza kwenda hivi, kati ya mgeni wa Dar es Salaam na mwenyeji anayejitangaza:

– Kaka, nikifungua chupa, klabu inakupa wewe kiasi gani?

– Bosi, mambo ya meza niachie mimi.

– Nitakuachia. Nataka tu kujua kwanza.

– Wananipa kitu kidogo, bosi. Si mbaya.

– Basi nitajie wanakokupa na wasikokupa, halafu tuanze na wasikokupa.

Anayecheka na kujibu ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtu wa kufanya naye kazi. Anayekasirika amekuokolea fedha.

Hoteli kwa upande wa uwajibikaji ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu ina anwani, ina jina la kulinda, na inamjua dereva wake na nyumbani kwake. Ukisahau begi garini, utalipata. Anayejitegemea ana kumbukumbu ya safari kwenye programu, jina la dereva na namba ya gari, ambazo ni msaada wa maana kwa polisi, lakini za baa hazipo: ukiibiwa mezani, uko wewe na meneja. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112.

Kwa hali yako

Kundi la marafiki linalokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa au kumuaga bwana harusi mtarajiwa ndilo linalofaidi zaidi kwa mwenyeji wa kukodi. Gharama inagawanyika, meza inahitaji kuwekwa mapema, na watu wanane walio na furaha hawawezi kutafuta magari kadhaa kila wanapohama. Hapo hata mwenyeji anayekula cha klabu hana madhara makubwa, kwa sababu chupa mlikuwa mtazifungua vyovyote vile. Mkubaliane tu kwamba hatoleta watu mezani.

Wanandoa, au familia yenye watoto wakubwa, wasimkodi mtu. Chakula cha jioni, maonyesho ya Ndere, matembezi ya gari na kurudi kabla ya saa tano ni mambo ambayo mapokezi na dereva mmoja wanayamudu. Ni hivyo pia kwa msomaji asiyekunywa pombe: karibu kila anachouza mwenyeji wa usiku kimejengwa juu ya chupa, na muchomo wa Wandegeya hauhitaji dalali.

Mwanamke anayesafiri peke yake ana hesabu tofauti, na sitaificha kwa maneno ya adabu. Kukaa usiku mzima na mwanamume usiyemjua, unayemlipa, na anayejua chumba chako, ni hatari ambayo matangazo hayaitaji. Dereva wa hoteli aliyetajwa kwa jina na mapokezi ni hatua ya kwanza iliyo salama zaidi. Ukitaka wa kuandamana naye ndani, tafuta kampuni yenye leseni na uombe mwongozaji wa kike. Mkutane mapokezi, si chumbani, na mapokezi wamwone.

Mzoefu wa Nairobi au Dar anayejua kusoma baa kwa dakika tano anaweza kujitegemea bila wasiwasi, akianza na mtaa mmoja kwa usiku mmoja. Kinachomkosesha mgeni wa namna hii ni kuhamahama. Akae Bugolobi usiku mzima, au akae Kisementi. Kabalagala itakuwapo kesho.

Anayelala Entebbe kwa sababu ya ndege ya alfajiri asishawishike. Ni takriban kilomita 40 hadi Kampala, na ingawa barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 imepunguza muda, kwa tozo ya shilingi 5,000 kwa gari dogo, kurudi usiku wa manane na kuamka saa kumi si likizo. Entebbe ina fukwe zake za ziwa na samaki wake, na mapokezi ya hoteli ya hapo hapo yanatosha.

Anayekwenda Jinja wakati wa tamasha kama Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015, hana sababu ya kumkodi mwenyeji. Tiketi ndiyo mlango, na burudani yote iko ndani. Fedha hiyo aitumie kuweka mahali pa kulala mapema, maana mji hujaa.

Na kwa anayekaa wiki nzima, nisingechagua njia moja. Usiku wa kwanza ningetoka na dereva wa hoteli, nizunguke mitaa mitatu bila kukaa sana popote, nione kila mtaa una sura gani. Usiku wa pili, ikiwa bado nataka kuonyeshwa ndani, ningemkodi mwenyeji kwa saa nne tu, kuanzia saa mbili, kwa ujira kamili usio na chupa ndani yake, nimwombe anipeleke anakokunywa yeye siku asiyo na mgeni. Siku zilizobaki simu inatosha. Mwenyeji aambiwe tangu mwanzo kwamba kazi yake inaisha saa sita usiku, na alipwe saa sita usiku.